Kaseti ya Nadhir na Mabruka

Ibra, Jumamosi, 14 Juni 1986

Leo wameanza kukata tende za kuchemshwa, na mji mzima unanuka moshi na sukari. Masufuria ya shaba yamewekwa kwenye meko makubwa nje ya mashamba, na tende zikishaiva hutandazwa juani zikauke. Hospitali imejaa watu waliobabuka mikono.

Mimi nakaa dirishani, nyuma ya pazia la kijani, napokea kadi na kuita majina. Kulia wanakaa wanawake, kushoto wanaume. Hakuna anayeuona uso wangu, lakini sauti yangu wanaijua wote. Juzi mtoto mmoja alinisikia sokoni nikiuliza bei ya vitunguu, akamwambia mama yake, "Huyo ni hospitali." Wenzangu walicheka. Mimi nilishuka hadi mwisho wa soko bila kununua kitu.

Baba aliponipa ruhusa ya kufanya kazi alitia sharti moja tu: "Sauti yako, Badriya, mwisho wake dirishani."

Jumanne, 17 Juni

Bi Mabruka, anayesafisha ukumbi wetu, kaleta halua tukala sote. Mwanawe Turki, askari, amekubaliwa posa. Baba wa binti, Mzee Khalaf, alikataa mwaka mzima kwa sababu Bi Mabruka alikuwa mwimbaji wa maharusi, na yeye hataki mkwewe awe mtu wa kupigia watu ngoma. Bi Mabruka alikwenda Makka mwaka jana, akarudi akaacha. Ijumaa iliyopita ameapa mbele ya Mzee Khalaf na nduguze, mkono juu ya msahafu, kwamba hataimba tena hata kwa kubembeleza mtoto. Harusi ni baada ya Idi Kubwa.

"Nimeacha, na koo linaniwasha," alisema. "Lakini mwanangu ataoa."

Alizaliwa Unguja, katika nyumba kubwa ambayo mama yake alikuwa mpishi, na alikuja huku mwaka wa sitini na nne pamoja na watu wa nyumba hiyo. Nikimsikiliza naona haya kwa Kiswahili changu cha Nakuru, tulikotoka sisi.

Jumatano, 18 Juni

Shangazi Ghalia kapiga simu kutoka Sur. Mwanawe Nadhir amepata mfanyabiashara wa kaseti atakayemtolea kaseti nzima ya nyimbo zake. Ni nyimbo za kantri, zile za reli na farasi na mtu aliye mbali na kwao, ambazo Nakuru kila Jumapili tulizisikiliza redioni, isipokuwa yeye kazitunga kwa Kiswahili. Anataka sauti ya pili, na anataka yangu, kwa sababu tuliimba pamoja uani tangu hatujaota meno ya pili.

Nimekataa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekataa tena, lakini kwa sauti ndogo zaidi. Mama anasema twende Sur kesho, nikapumzike kwa shangazi yangu. Mama hajui kitu.

Sur, Ijumaa, 20 Juni

Nimeimba. Nimeandika neno hili nikalitazama, na bado silielewi.

Nyumba ya mfanyabiashara iko nyuma ya soko. Chumba ni stoo ya vitambaa. Magodoro yamesimamishwa ukutani na mkeka umepigiliwa dirishani ili sauti za mtaani zisiingie. Feni ilizimwa kwa kuwa mashine inaisikia. Shangazi alitundika shuka katikati ya chumba, mfanyabiashara na mashine yake upande ule, mimi na Nadhir upande huu. Nilijiona niko kazini. Kuna pazia, kuna mtu asiyeniona, na mimi nafungua mdomo.

Nadhir hana lile gitaa la kulazwa magotini ambalo waimbaji wa kantri wenyewe hulitumia. Yeye huburura shingo ya chupa ya soda juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu anayejizuia asilie. Jasho lilikuwa linamdondokea mikononi. Kila tukikosea tulirudia wimbo wote tangu mwanzo. Katika wimbo wa tatu, "Niwashie Taa", ananiachia ubeti mzima peke yangu:

*Niwashie taa, mama, niione nikipanda mlima,*
*Treni imeniacha Njoro na mvua haijakoma.*

Nilimaliza. Kisha mfanyabiashara, nyuma ya shuka, akasema huo haurudiwi.

Niseme ukweli hapa kwa kuwa sitausema kwingine: sijawahi kujisikia vile. Nilisahau kuogopa kwa muda wa wimbo mmoja.

Hofu ilirudi baadaye. Mfanyabiashara alitaka jina la kuandika juu ya kaseti, kwa kuwa watu wakisikia mwanamke hutaka kujua ni nani. Nadhir akaniambia nitoe jina lolote. Nililotoa ni Mabruka, kwa sababu nalisikia kila siku na lilikuwa mdomoni. Nadhir akauliza Mabruka wa kabila gani. Nikamwambia asiandike kabila. Kule tulikotoka kilichomtia mtu mashakani siku zote ni jina la mwisho. La kwanza halimdhuru yeyote. Akaona ni akili. Imeandikwa: *Nadhir na Mabruka*.

Wako Mabruka wangapi Oman nzima?

Ibra, Jumatatu, 23 Juni

Kazi. Joto. Mtoto kaungua mguu.

Jumatatu, 30 Juni

Upepo wa gharbi umeanza, ule unaotoka jangwani upande wa Al Mintirib. Ukifungua mlango ni kama umefungua tanuri. Hakuna habari kutoka Sur, na mimi namwomba Mungu mfanyabiashara afilisike.

Jumamosi, 12 Julai

Kaseti imefika. Baba ndiye aliyeileta.

Alikuja kunichukua kazini na pikapu, na nilipopanda Nadhir alikuwa anaimba ndani ya gari. Baba kainunua kwenye duka lililo jirani na duka lake la spea. Alisema mtoto wa dada yake katoa kaseti na hakumwambia mjomba wake, mshenzi yule. Alikuwa anatabasamu. Nilitazama nje. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Wa tatu ulipoanza nilikuwa nimeshika mkono wa mlango.

Sauti yangu ikaingia. Baba alipunguza mwendo, nikadhani anasimama. Alikuwa anampisha mbuzi.

"Huyu Mabruka ana sauti," alisema ubeti ulipokwisha. Basi.

Jumatatu, 14 Julai

Wanawake upande wa kulia leo hawakuzungumza habari nyingine. Kaseti inapigwa kwenye meko, kwenye magari ya tende, kwa kinyozi. Mmoja alisema hawezi kuzuia machozi kwenye wimbo wa taa, na yeye Njoro haijui iko wapi. Kisha mwenzake akasema, bila kupunguza sauti, "Na ameapa juu ya msahafu."

Sikuelewa mpaka muuguzi Rahila aliponieleza. Rahila ni mwenyeji wa hapa, baba na babu. Nilimuuliza kwa nini watu wanamtaja Bi Mabruka wetu, kwani jina hilo si la watu wengi?

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Nyinyi wa Afrika mna mambo. Hapa kila mtu anatajwa na kabila lake. Anayeandikwa jina kavu vile, nani? Ni yule ambaye bibi yake alikuwa mali ya mtu. Sasa jina kavu, tena Mabruka, tena Kiswahili, tena anaimba. Wako wangapi Ibra?"

Nilirudi dirishani nikaita majina. Niliyaita na makabila yake yote, kama ninavyofanya kila siku, na leo ndiyo nimesikia ninachokisema.

Jumatano, 16 Julai

Mzee Khalaf amesimamisha ndoa. Turki alikuja kutoka kambini, akasimama uani kwa mama yake, akamuuliza mbele ya majirani. Bi Mabruka alisema si yeye. Turki aliondoka bila kula.

Huyu ni mtoto wake wa pekee.

Alhamisi, 17 Julai

Gharbi. Sikwenda kazini, nilisema naumwa. Baadaye nikaumwa kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Bi Mabruka aliingia nyuma ya pazia na ndoo na tambara, mahali ambapo huwa hapigi deki mpaka saa za kufunga. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alipiga deki mpaka miguuni pangu, nikainua miguu, akapiga chini yake. Ndipo aliposema, akiwa ameinama bado.

"Nilipoisikia kaseti ile mara ya kwanza, nilikasirika mara mbili. Kwanza kwa kuwa wametia jina langu. Pili kwa kuwa anayeimba ananishinda."

Nilizipanga upya kadi zilizokuwa mbele yangu.

"Nakusikia kila siku ukiita watu hapa, mwanangu. Unadhani sikujui?"

Nilimwambia, kwa kunong'ona, kwamba Baba atanitoa kazini, atanifungia ndani. Nilimwambia sikukusudia. Nilimuuliza kwa nini asiseme mwenyewe basi, kama anajua. Sasa naona haya kuliandika swali hilo.

Alinyooka. "Niseme nini? Nende kwa Khalaf, nimwambie si mie, ni binti Abdullatif, mwenye baba na kabila na duka? Mie mfagizi? Neno langu kule halifiki hata mlangoni. Nimeshaapa mara moja na hawakuliamini. Lako wataliamini."

Aliokota ndoo. Alisema hatanitukana wala hatanibembeleza. Ananipa mpaka tende zilizotandazwa zikauke na kutiwa maguniani. Baada ya hapo ndugu za Mzee Khalaf watakutana kuivunja posa moja kwa moja, na yeye hatakuwa tena na la kuningojea.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia Nadhir simu nikiwa posta. Nilimwomba azikusanye kaseti, au abadilishe jina. Alikuwa na furaha isiyosikia. Kaseti imefika mpaka Nizwa, alisema, na mfanyabiashara anatoa nyingine. Nilipomweleza habari ya Bi Mabruka alisema, "Lakini mama yule si ni mwimbaji? Kapata sifa ya bure."

Nilipokuwa mdogo niliamini Nadhir haogopi kitu. Sasa naona ni kwamba siku zote kinachoogopesha humpata mwingine.

Jumatatu, 21 Julai

Kazi.

Jumanne, 22 Julai

Kazi. Nikipita barabarani natazama tende. Zilikuwa za njano, zimeanza kuwa kahawia pembeni.

Alhamisi, 24 Julai

Baba alinipitisha dukani kuchukua mizigo. Kaseti ilikuwa inapigwa hapo pia, na mteja mmoja aliyekuja kununua plagi aliuliza anayeimba ni nani. Baba akajibu mara moja, kabla mtu hajamaliza swali, "Ni Mabruka, yule wa hospitali. Hujui? Mji mzima unajua." Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, hakunitazama.

Nilishuka moyo. Hata yeye kadanganyika kama wengine. Au labda sauti ya mtu, ikishapewa jina jingine, inakuwa ya mwingine kweli. Usiku wote nimejaribu kuamini hilo.

Ijumaa, 25 Julai

Mama anauliza kwa nini sili. Nimesema joto.

Jumanne, 29 Julai

Bi Mabruka anapiga deki ukumbini kila siku saa ile ile. Wanawake wanainua miguu yao asipite karibu. Zamani walikuwa wakimtania, wakimwomba walau mstari mmoja. Leo mmoja alisema kwa sauti, "Chunga maji yako, hajati." Hajati, yaani mwanamke aliyehiji, na namna alivyolisema lilikuwa kama tusi. Bi Mabruka alikamua tambara lake. Mimi nikaita jina linalofuata, haraka, ili kisisikike kitu kingine.

Natambua kwamba kwa mwezi sasa nimekuwa nikiitumia sauti yangu kufunika mambo.

Alhamisi, 31 Julai

Wameanza kuzoa tende. Nimeona magunia.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika mambo kama yalivyokuwa.

Mzee Khalaf alikuja kupimwa presha. Sikumwona, ila Rahila aliponipa kadi niliona jina. Aliketi kushoto, nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu. Kadi yake niliisogeza chini, chini ya nyingine. Ilipofika juu nikaisogeza tena. Upande wa kulia wanawake walikuwa wengi kuliko viti, na Bi Mabruka alikuwa na ndoo yake karibu na mlango. Najua kwa sababu nilisikia mpini ukigonga bati.

Mwishowe hapakuwa na kadi nyingine ya kuweka juu.

Nikaliita jina lake. Akaja, na harufu ya udi ikaingia chini ya pazia. Nilipaswa kumuuliza namba tu. Nikasema kwa Kiarabu, "Mzee Khalaf, nisikilize." Akasema ananisikia, binti, kuna nini.

Sikuwa na maneno mengine ambayo angeyaamini. Nikauimba ubeti wangu.

*Niwashie taa, mama, niione nikipanda mlima,*
*Treni imeniacha Njoro na mvua haijakoma.*

 Mtoto mmoja aliyekuwa akilia aliendelea kulia.

"Rudia," alisema Mzee Khalaf.

Nilirudia. Sauti ilinikatika kwenye neno mvua, nikamalizia kwa kusema.

"Binti wa nani wewe?"

Nikamtajia. Jina langu, la baba, la babu, na la kabila, lile ambalo sikutaka liandikwe. Lilikuwa refu kuliko nilivyolikumbuka. Nikamwambia kwamba jina la Mabruka nililitoa mimi kwa kujificha, na kwamba Bi Mabruka hajavunja kiapo chake hata kwa neno.

Nilisikia anavyopumua. Mwishowe akasema, kama anayejisemea, kwamba leo si siku ya kumpima presha. Fimbo yake ikaelekea mlangoni.

Nilichukua kadi iliyofuata. Nikaita. Hakuna aliyeitikia, nikaita tena.

Jumapili, 3 Agosti

Mkubwa wa hospitali amesema nikae nyumbani mpaka azungumze na Baba. Baba hajazungumza na yeyote. Jana aliporudi alikuwa ameshajua. Mji huu ni mdogo. Alikula akaenda kulala. Mama analia jikoni na anafungulia bomba ili tusimsikie.

Jumatatu, 4 Agosti

Rahila alipita. Mzee Khalaf alikwenda mwenyewe kwa Bi Mabruka, akakaa, akanywa kahawa yake. Ndoa ipo. Turki amerudi kwa mama yake na amekula. Nilimuuliza Rahila, Bi Mabruka kasema nini juu yangu. Rahila alisema, hajasema kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Baba hajasema kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Hajasema.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba aliniita nipande pikapu. Nilivaa, nikachukua na mkoba wangu mdogo, kwa kuwa sikujua ananipeleka wapi wala kama nitarudi.

Tulipita mahali pa kukaushia tende. Pamebaki patupu, mikeka imeviringishwa, nyuki bado wanazunguka. Baba aliisukuma kaseti ndani. Tulisikiliza wimbo wa kwanza na wa pili kama watu wanaosafiri. Wa tatu ulipofika kwenye ubeti wangu hakuuzima.

"Nilikujua siku ile ile niliyoinunua," alisema. "Nani asiyejua sauti ya mwanawe?"

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imekaza usukani.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akiwaambia watu dukani kwamba ni Mabruka wa hospitali. 

"Wa kwanza kulisema ni mimi," alisema. "Asubuhi ile ile. Mtu alisimama dukani akasikiliza, akaniambia, Abdullatif, huyu si binti yako wa dirishani? Nikashika kaseti nikamwonyesha. Nikamwambia, soma mwenyewe, Mabruka. Ni yule wa hospitali. Nikafurahi kwamba jina lipo." Akabadilisha gia. "Yule alikwenda kwa kinyozi. Kutoka pale ulikuwa mji mzima."

Msimu mzima nimemwogopa mtu huyu. Nilisikia hata hatua zake tofauti na za wengine. Na kumbe tulikuwa tumekaa pamoja ndani ya gari hili, bega kwa bega, kila mmoja amemshika mwanamke mwingine mbele yake kama ngao. Sijui kama nimemwonea huruma au nimemchukia. Aliniuliza, bila kunitazama, kwa nini sikumwambia yeye kabla ya Khalaf. Nikasema niliogopa. Akaitikia kwa kichwa, kama ndilo jibu lake pia.

Tulisimama mbele ya nyumba ya Bi Mabruka, ile ya mwisho kabla ya mfereji. Aliniambia nikae garini. Alirekebisha kilemba chake kwenye kioo, akashuka, akabisha hodi.

Bi Mabruka alifungua. Hakusema karibu. Alibaki katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye mwimo, na Baba alisimama juani mbele yake. Niliona mikono ya Baba ikienda na maneno yake, lakini nilichokisikia ni mimi mwenyewe, kaseti bado inazunguka, namwomba mama yangu taa. Nikanyoosha mkono nikaizima.

Hata hivyo sikusikia kitu, kwa kuwa alikuwa ameshamaliza. Alisimama ameinamisha kichwa. Bi Mabruka alimwacha vile. Jua la saa tano lilikuwa mgongoni kwake na kanzu ilianza kumganda. Kisha Bi Mabruka alitazama juu ya bega la Baba, akaniona nyuma ya kioo, akanipungia kwa kidole: na wewe shuka.

Nikashuka.